Umri wa Punje na Umri wa Fungu: Nasaba ya Mchanga wa Rufiji

Mto Rufiji huingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, wala hauingii kwa mlango mmoja. Maji yake hugawanyika katika mikono mingi, na baina ya mikono hiyo vimelala visiwa vya tope, mafungu ya mchanga, na msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote katika mwambao wa Afrika ya Mashariki. Nyamisati, Mbwera na Salale zimesimama juu ya ardhi iliyoletwa na maji. Hata Kibiti, ambao kwa watu wa delta ni mji wa bara, umejengwa juu ya mchanga na udongo uliotuama katika zama ambazo kwa hesabu ya wanajiolojia ni za jana. Mwamba mgumu wa kale, ambao huko Iringa na Morogoro hujitokeza juu ya ardhi kama migongo ya tembo, hapa umezama chini sana na kufunikwa.

Basi swali la asili ya nchi hiyo ni swali la asili ya mchanga wake. Jibu jepesi lajulikana na kila mkulima alimaye mlau baada ya mafuriko kupwa: mchanga hutoka juu. Lakini juu ni wapi? Mito mitatu mikubwa ndiyo iufanyao Rufiji. Kilombero, uitwao pia Ulanga, huchukua maji ya milima ya Udzungwa na ya nyanda za Mahenge. Luwegu hutoka kusini. Na Ruaha Mkuu huanzia mbali katika nyanda za juu za kusini, hupita Mtera na Kidatu, ukakutana na wenzake muda mfupi kabla ya mto kuingia katika korongo liitwalo la Stiegler. Eneo lote linalomwaga maji yake katika Rufiji lapata kilomita za mraba 177,000, karibu sehemu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ndani yake mna miamba ya kila namna, na iliyo mingi ni miamba geu, yaani miamba iliyokwisha kuwa kitu kimoja ikageuzwa kuwa kingine kwa joto na kwa mgandamizo katika vilindi vya dunia.

Miamba geu ndiyo iliyowasumbua wanajiolojia kuliko miamba mingine yote. Mwamba wa mashapo ambao haujageuzwa hueleza mambo yake wenyewe: huonyesha matabaka, huhifadhi makombe na mifupa, na atazamaye huweza kusema kwamba hapa palikuwa na bahari, na hapa palikuwa na mto. Mwamba huo ukizamishwa kilomita 20 au 30 chini ya ardhi na kuokwa, mambo hayo yote hupotea. Mchanga huwa jiwe gumu la kwatzi, tope huwa naisi yenye ganeti, mawe ya chokaa huwa marumaru, na mabaki ya viumbe hugeuka kuwa kinywe. Huko Mahenge marumaru na kinywe vyapatikana pamoja, navyo ni ushahidi wa kutosha kwamba palikuwa na bahari na uhai kabla milima haijawako. Lakini bahari ile ilikuwa lini, na mchanga wake uliletwa na mito ya bara gani, marumaru haisemi.

Wataalamu wa kwanza walikuwa na macho na nyundo tu. Wilhelm Bornhardt, Mjerumani aliyeizunguka nchi kati ya 1895 na 1897 na kutoa kitabu chake kikubwa katika mwaka wa 1900, aliiandika miamba hiyo kwa uangalifu unaostahili heshima hata leo, lakini hakuwa na njia ya kuipa miaka. Waliomfuata waliipanga kwa sura na kwa mwelekeo wa mikunjo yake, wakaipa majina ya nchi za watu: miamba ya Usagara, miamba ya Ubende. Majina hayo yameenea duniani kote katika maandishi ya jiolojia, na wengi wayatumiao hawajui kwamba Usagara ni nchi ya Wasagara. Katika mkutano wa wanajiolojia uliofanyika London mwaka wa 1948, na katika makala iliyochapishwa 1951, Arthur Holmes aliuona mstari mrefu wa miamba geu uendao kaskazini na kusini kando ya mashariki ya Afrika, ukiikata mikunjo ya miamba ya kale ya kati ya bara. Akauita Ukanda wa Msumbiji. Milima ya Pare, Usambara, Uluguru na Udzungwa yote imo ndani ya ukanda huo. Ramani ilipata jina, lakini jina halikuleta nasaba.

Nasaba ililetwa na punje ndogo. Katika mchanga wa mito ishukayo kutoka kwenye miamba geu, pamoja na kwatzi na ganeti, huonekana chini ya hadubini chembe ndefu zenye ncha mbili, mara nyingi zisizofika hata robo ya milimita, zing'aazo kama kioo. Hizo ni zirkoni. Neno lenyewe lina safari yake: wanaisimu huliunganisha na neno la Kiajemi lenye maana ya rangi ya dhahabu, lililopita katika Kiarabu kabla ya kuingia katika lugha za Ulaya. Katika mwaka wa 1789 Martin Klaproth, mwanakemia wa Berlin, alichunguza zirkoni ya Ceylon akagundua ndani yake elementi mpya. Na katika mwaka huo huo akagundua urani, ambayo aliipa jina la sayari iliyokuwa imeonekana miaka minane kabla. Hakujua, wala hapakuwa na mtu wa kumwambia, kwamba vitu hivyo viwili vilikuwa vimefungiwa nyumba moja.

Zirkoni inapoumbwa ndani ya mwamba ulioyeyuka huipokea urani kidogo na kuikataa risasi. Risasi hapa ni madini yenyewe, kwa maana ya kwanza ya neno hilo kabla halijahamia kwenye bunduki. Urani haidumu, polepole hugeuka kuwa risasi, tena kwa mwendo usiobadilishwa na joto wala na maji. Urani ni ya aina mbili: ile iitwayo 238 hupungua kwa nusu katika miaka milioni 4,468, na ile iitwayo 235 katika miaka milioni 704, na kila moja huzaa aina yake ya risasi. Kwa hiyo katika punje moja mna saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti. Zikitoa jibu moja, punje hiyo ni shahidi wa kuaminika; zikitofautiana, imepatwa na jambo. Mchoro wa kuzilinganisha saa hizo uliwekwa na George Wetherill mwaka wa 1956, nao unatumika hata sasa. Sifa nyingine za zirkoni ni ugumu na ukaidi. Joto ligeuzalo tope kuwa naisi haliifuti saa yake. Mto unaosaga miamba mingine kuwa vumbi huipitisha ikiwa karibu nzima. Kwa sababu hiyo ndiyo iliyobaki kusimulia pale ambapo vingine vimenyamaza.

Njia hii haikupatikana kwa siku moja. Bertram Boltwood, Mmarekani, alitoa miaka ya kwanza kwa hesabu ya urani na risasi mwaka wa 1907. Holmes, kijana bado, alipima mwamba wa Norway na kutangaza miaka milioni 370 katika mwaka wa 1911. Wakati kazi hiyo ilipokuwa ikisomwa mbele ya wataalamu wa London, mwenyewe alikuwa Msumbiji akitafuta madini kwa ajili ya kampuni, na huko alishikwa na malaria iliyokaribia kumwua. Mtu aliyeupa ukanda jina lake baada ya miaka 40 alikwisha kuulipia, kwa namna fulani, kwa mwili wake.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, kupima zirkoni kulihitaji punje nyingi kuyeyushwa pamoja. Kwa mwamba wa itale jambo hilo halikuwa na madhara makubwa, kwa kuwa punje zake nyingi zilizaliwa pamoja. Kwa mwamba uliotokana na mashapo lilikuwa upuuzi mtupu, sawa na kuwauliza watu wa soko zima umri wao, kujumlisha, na kugawanya, kisha kusema kwamba soko lina miaka 31. Mabadiliko yalikuja kwa hatua mbili. Mwaka wa 1973 Thomas Krogh alionyesha namna ya kuyeyusha zirkoni na kutenga risasi yake kwa usafi mkubwa hata kiasi kidogo sana kikatosha. Kisha huko Canberra, William Compston na wenzake walijenga chombo kikubwa ambacho hupiga uso wa punje kwa mshale wa ioni na kupima kinachoruka, na kuiacha punje ikiwa na kitobo kidogo tu. Kuanzia miaka ya 1980 kila punje iliweza kuulizwa peke yake. Mwaka wa 1983 chombo hicho kilipata katika mwamba geu wa Australia ya Magharibi punje zenye zaidi ya miaka milioni 4,100. Na mwaka wa 2001 punje kutoka Jack Hills, katika nchi hiyo hiyo, ilitangazwa kuwa na miaka kama milioni 4,400. Mashapo yaliyoihifadhi yalituama kama miaka milioni 3,000 iliyopita. Punje ilikuwa kongwe kuliko fungu lake kwa miaka zaidi ya milioni elfu moja.

Hapo ndipo ilipo kanuni ya elimu hii yote. Umri wa punje si umri wa fungu. Punje husema ilizaliwa lini katika mwamba wa kwanza. Fungu lilikusanyika baadaye, pengine baadaye sana. Lakini punje iliyo changa kuliko zote huweka mpaka: fungu haliwezi kuwa la zamani kuliko hiyo. Mwamba ukigeuzwa, zirkoni huota ganda jipya juu ya kiini cha zamani, na ganda hilo lina saa yake. Basi mashapo yalituama baada ya kuzaliwa kwa kiini kilicho kichanga kuliko vyote, na kabla ya kuota kwa ganda. Kati ya mipaka hiyo miwili bahari iliyopotea hurudishiwa tarehe yake.

Mtaalamu wa lugha haoni ugeni katika jambo hilo, maana ndivyo afanyavyo mwenyewe. Akikuta katika utenzi usio na tarehe maneno kama meza, leso na gereza, hasemi kwamba utenzi huo una umri wa maneno yake ya asili ya Kibantu, ambayo ni ya kale sana. Hutafuta neno lililoingia mwisho, na kwa kuwa hayo matatu ni ya Kireno, husema kwamba shairi kwa hali lilivyo halikutungwa kabla ya Wareno kufika mwambao mwishoni mwa karne ya 15. Tena huongeza tahadhari: isipokuwa mnakili ndiye aliyelitia. Tahadhari ya mnakili, kama itakavyoonekana, ina ndugu yake katika zirkoni.

Mfano wa karibu zaidi upo Kibiti penyewe. Mwaka wa 1999 Felix Chami, mwanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliandika katika jarida la Current Anthropology juu ya shanga za kioo zilizopatikana Mkukutu, ambazo alizitambua kuwa za Kirumi. Kwa ushahidi huo aliiunganisha nchi ya Rufiji na habari za Periplus, kitabu cha Kiyunani cha karne ya kwanza baada ya Kristo kinachoitaja Rhapta kuwa soko la mwisho la Azania. Mahali ilipokuwa Rhapta pangali panabishaniwa. Lakini katika kuzipima shanga, mwanaakiolojia hufuata kanuni ile ile: ushanga hueleza ulifanywa lini na wapi, hauelezi ulianguka lini kutoka shingoni mwa aliyeuvaa. Huweza kurithishwa, huweza kufukuliwa na panya na kupandishwa juu. Tabaka lahukumiwa kwa kitu chake kilicho kichanga, na kwa jumla ya vitu vyake vyote vikitazamwa pamoja.

Kwa milima ya Tanzania, elimu ya punje ilipindua jambo lililokuwa limekwisha kukubaliwa. Katika miaka ya 1950 na 1960 vipimo vingi vya Ukanda wa Msumbiji vilifanywa kwa ulanga, jiwe la matabaka membamba ling'aalo, ambalo kamusi za zamani zinalijua kwa jina hilo. Ulanga hutoa jibu haraka, lakini saa yake huanza upya kwa joto la nyuzi mia tatu na kitu tu. Vipimo vikatoa karibu kila mahali miaka milioni 500 au 600, na mwaka wa 1964 W. Q. Kennedy akalipa tukio hilo jina lililoenea la Pan-African. Ikawa rahisi kudhani kwamba ukanda mzima ni mpya, umeumbwa wakati huo. Kumbe ulanga ulikuwa ukieleza wakati milima ilipopoa, si wakati miamba yake ilipozaliwa.

Zirkoni ilieleza mengine. Karibu na mlima Yalumba, katika nchi ya Isimani upande wa Iringa, ipo miamba iitwayo eklojaiti, ambayo mara nyingi huumbwa pale ambapo sakafu ya bahari imezamishwa chini sana kwa haraka. A. Möller na wenzake walitangaza mwaka wa 1995 kwamba miamba hiyo ina miaka kama milioni 2,000, na kwa kadiri hiyo ni miongoni mwa ushahidi wa kale kuliko wote duniani wa mabamba ya ardhi kuzama mmoja chini ya mwingine. Huko Kidatu, kwenye ukingo wa Ruaha Mkuu, naisi zilizodhaniwa kuwa za ukanda mpya zilionyesha viini vya zamani za kratoni ya Tanzania, vyenye miaka zaidi ya milioni 2,500, pamoja na vingine vya miaka milioni 2,000 hivi, vikiwa vimevikwa maganda ya tukio la Pan-African. Katika milima ya mashariki, Sospeter Muhongo wa Dar es Salaam, pamoja na Alfred Kröner wa Mainz na Alexander Nemchin wa Perth, waliandika mwaka wa 2001 juu ya zirkoni zilizopimwa moja moja, na mgeuko mkuu wa miamba hiyo ukaonekana kuwa wa miaka kama milioni 640 iliyopita. Ukanda mmoja wa Holmes ukawa umefumuliwa: upande wa magharibi ni bara la kale lililookwa upya; upande wa mashariki, ikiwamo Pare, Usambara na Uluguru, asili ya miamba ni changa zaidi, nayo ilisukumwa juu ya ule wa kale bahari iliyokuwa kati ilipofungwa.

Wapasa kutajwa pia udhaifu wa mashahidi hawa, maana matokeo ya maabara yana namna ya kuonekana mazito kuliko yalivyo. Punje iliyokaa na urani nyingi huharibika ndani kwa miale yake yenyewe, na kupitia nyufa hizo risasi huvuja. Punje hiyo huonekana changa kuliko ilivyo. Ikiwa ndiyo iliyochukuliwa kuweka mpaka wa umri wa fungu, fungu lote litapewa ujana lisiostahili. Huyu ndiye mnakili wa zirkoni: ametia neno jipya katika shairi la zamani. Dawa yake ni ile ile ya mhariri wa miswada, kutotegemea punje moja, na kutupa zile ambazo saa zake mbili hazikubaliani. Kosa jingine ni kupiga mshale mpakani mwa kiini na ganda. Jibu litakalopatikana litakuwa la umri ambao haukuwako kamwe.

Kisha pana swali la idadi. Mwaka wa 1988 M. H. Dodson na wenzake walionyesha kwa hesabu kwamba mtu akipima punje 60, basi rika lililo sehemu ya ishirini ya mchanga litamponyoka mara moja tu katika ishirini. Pieter Vermeesch aliikaza kanuni hiyo mwaka wa 2004: ili mtu awe na hakika ya kadiri hiyo kwamba halikumponyoka rika lolote la ukubwa huo, apime 117. Maandishi mengi ya zamani yalijengwa juu ya punje 20 au 30. Si kwamba ni ya uongo. Lakini ukimya wake juu ya rika fulani hauna maana.

Neno rika limetumiwa hapa kwa makusudi, kwa kuwa udhaifu mkubwa kuliko wote umo ndani yake. Punje za umri mmoja ni za rika moja. Si lazima ziwe za ukoo mmoja. Jambo hili limeonekana wazi katika mabishano juu ya Madagaska. Katikati ya kisiwa hicho ipo miamba geu iliyokuwa mchanga na tope, iitwayo ya Itremo. Rónadh Cox na wenzake waliipima punje zake mwaka wa 1998, na mwaka wa 2005 Ian Fitzsimons na Bregje Hulscher wakasema kwamba marika yake yanafanana na ya Afrika ya Mashariki, hata wakaipa makala yao jina la kusema kwamba mchanga ule ulitoka Afrika kabla ya nchi hizo kutenganishwa na bahari, kisha zikarudiana. Wengine, miongoni mwao Robert Tucker, walishika kwamba kitovu cha Madagaska kilikuwa kipande cha India ya kusini; na kweli India ya kusini nayo ina miamba mingi ya miaka milioni 2,500. Umri peke yake hauwezi kuwaamua. Ndiyo maana siku hizi hupimwa katika punje hiyo hiyo pia elementi ya hafini, ambayo huonyesha kama mwamba mama ulitoka moja kwa moja chini ya ganda la dunia au uliyeyushwa kutoka katika bara lililokwisha kuwako. Huo ni ushahidi wa ukoo, si wa rika tu.

Rufiji huongeza fumbo lake. Kabla ya kufika nchi tambarare mto hukata mawe ya mchanga ya zama za Karoo, yaliyojaza bonde pana la Selous kwa makumi ya mamilioni ya miaka. Mawe hayo nayo yalikusanywa na mito ya kale kutoka katika miamba geu ile ile ya bara. Kwa hiyo punje ya miaka milioni 2,000 iliyolala leo katika fungu la Simba Uranga yaweza kuwa imeshuka kutoka Isimani katika masika chache zilizopita. Yaweza pia kuwa ilikwisha kushuka mara moja wakati wa Karoo, ikalala katika jiwe la mchanga miaka zaidi ya milioni 200, kisha ikang'olewa mara ya pili. Saa yake husema neno moja kwa safari zote mbili. Mviringo wa ncha zake husaidia kidogo, lakini si sana, maana zirkoni huchelewa kuviringika. Watu wasomao maneno ya mkopo wanalijua taabu hilo: neno la Kiajemi katika Kiswahili huenda lilikuja na jahazi kutoka Uajemi, au lilikaa kwanza katika Kiarabu au katika lugha za Uhindi, na sura yake haisemi daima lilipita mlango gani.

Mambo haya yalikuwa yakiweza kungoja, kwa kuwa mto haukuacha kuleta. Kasi ya kuleta huko ilionekana hata kwa macho ya wapiganaji: manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyojificha katika mikono ya delta na kuangamizwa tarehe 11 Julai 1915, mabaki yake yalimezwa na matope ya mto. Mabwawa ya Mtera na Kidatu, yaliyojengwa katika miaka ya 1970, yalizuia sehemu ya mchanga wa Ruaha. Lakini bwawa la Julius Nyerere limejengwa katika korongo la Stiegler lenyewe, chini ya mahali ambapo Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu zimekwisha kukutana. Lilianza kujazwa Desemba 2022, na ziwa lake laweza kubeba maji zaidi ya mita za ujazo bilioni 30. Nguvu zake za umeme, megawati 2,115, ni jambo la faida kubwa kwa nchi. Lakini maji yatuliapo mchanga huzama, na zirkoni, iliyo nzito karibu mara mbili ya kwatzi, huzama mapema. Punje za Kidatu na za Mahenge zitakazong'olewa na mvua hazina tena njia iliyo wazi ya kufika baharini. Kitakachoingia deltani kitatoka kwenye vijito vya chini ya korongo, na kwenye kingo za mto wenyewe zikilika.

Maana yake ni kwamba mafungu ya Rufiji yamepata tabaka la mpaka. Chini yake umo mchanga wa bara zima, wa kratoni, wa Usagara na wa ukanda, uliochanganyika. Juu yake utakuwamo mchanga wa jirani. Na kwa kuwa bahari na mikondo hulilamba fungu na kulihamisha, mpaka huo hautakaa kila mahali sawa: kwenye midomo ya kaskazini utakuwa na kina chake, na kando ya mikoko kina kingine. Atakayekuja kuchukua mchanga wa delta ili apime nasaba yake, pamoja na kuandika jina la mahali na siku, imempasa aandike amechimba kwa kina gani.